Duveti ya Tatu katika Chumba 412

Kitanda kilikuwa cha watu wawili, lakini duveti zilikuwa tatu.

Halldis aliziona kabla hajatua begi. Kwa watu wa kwao mume na mke hulala kitanda kimoja, ila kila mtu na duveti yake, lile blanketi nene la manyoya. Ajifunike, ajiviringe, arushe mateke apendavyo bila kumnyang'anya mwenzake. Watu wawili, duveti mbili. Hizi zilikuwa tatu, zimekunjwa na kupangwa ubavu kwa ubavu, na ile ya katikati ilikuwa na kishimo, kana kwamba kuna mtu alikuwa ameikalia, akainuka aliposikia mlango ukifunguliwa.

"Wametuzidishia," akasema, akacheka.

Oddvar hakucheka. Mumewe huyo, fundi mstaafu mwenye mikono kama koleo, alikuwa bado amesimama nje kwenye ujia wa meli, akiitazama namba ya shaba juu ya mlango. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Kwa nini hapa?" akauliza.

"Sapraizi yako, mpenzi."

"Halldis, mimi nilichagua 628. Kile cha juu, chenye kibaraza. Nilishalipia."

"Nikabadilisha. Kwani kuna ubaya gani hapa?"

Oddvar akaingia kwa hatua za mtu anayeingia chumba cha maiti, akaweka koti lake kwenye kiti badala ya kitanda. Halldis alimwona. Moyoni akasema, *anamkumbuka. Hata hatujavua viatu, ameshaanza kumkumbuka.* Na moto ukawaka pale pale.

Tuseme ukweli, moto huo ulikuwa wa siku nyingi. Halldis aliolewa na mgane. Mke wa kwanza, Bergljot, alikwishazikwa Halldis alipokutana na Oddvar, na wema wake husemwa mpaka leo mjini kwao Haugesund. Mke mwenza aliye hai utamshinda. Utapika kuliko yeye, utavaa kuliko yeye, atazeeka umwone. Aliyekufa utamshindaje? Hazeeki, hanuni, hakoromi. Na Bergljot alibaki ukutani, kwenye korido ya nyumba, katika picha moja tu: amevaa koti la mvua la manjano, anacheka mpaka fizi, amesimama mbele ya mlango wa chumba cha meli. Nyuma ya bega lake namba ilisomeka wazi. 412.

Kila siku iliyokuja Halldis alipita mbele ya kicheko hicho akienda jikoni. Mara moja tu alimwomba mumewe aitoe. Oddvar akasema, "Hiyo iache," kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia tena. Hakumwuliza sababu. Sababu alijitungia mwenyewe, na alijitungia mbaya.

Basi Oddvar alipotaka wasafiri kwa meli ya starehe kutoka Bergen mpaka kaskazini kabisa, Halldis alifungua ramani ya meli mezani, na dada yake Gunnvor, aliyepanda meli hizo mpaka wahudumu wanamjua, akamwinamia begani na kikombe cha kahawa.

"Chumba cha meli kinachaguliwa kama mchumba," Gunnvor akasema. "Usitazame sura, uliza majirani. Hapa juu yako kuna ukumbi wa dansi, utakanyagwa kichwa mpaka alfajiri. Huku nyuma ni mashine, meno yatagongana. Mbele kabisa utatapika hata maziwa ya mama. Chukua cha katikati. Hiki cha Oddvar 628 ni kizuri, mbona unahangaika?"

"Nataka 412."

Gunnvor akatua kikombe. "Aa! Kile cha kwenye picha?"

"Ndicho."

"Halldis, dada yangu, una wazimu? Unakwenda kulala na mzuka wa mwenzio?"

"Nakwenda kumfuta. Oddvar akiisikia namba hiyo tena, atanikumbuka mimi."

"Haya. Mchimba kisima huingia mwenyewe," Gunnvor akasema, akamalizia kahawa yake.

Binti wa simu kule ofisi ya meli alisita. Akasema chumba hicho kwa kawaida hupewa wanaosafiri peke yao, wanandoa hawapewi, kwa nini hasa hajui. Halldis akabembeleza. Alipoona haitoshi, akadanganya: akasema ndicho chumba cha fungate lake, kwamba yeye na mumewe walianza maisha ndani yake, na sauti ikamtetemeka vizuri kabisa, maana wivu ni mwalimu hodari wa uongo. Binti akalainika, akampa. Kwa mdomo wake mwenyewe Halldis alikuwa amejiweka mahali pa mwanamke mwingine.

Jioni hiyo ya kwanza alimwita mhudumu wa vyumba, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Eldrid, mzaliwa wa huko huko kaskazini meli ilikokuwa ikielekea. Eldrid alipoiona ile duveti ya katikati aliacha kutabasamu.

"Mmeagiza nyinyi?"

"Tuagize ya nini? Tuko wawili."

Eldrid akaikumbata, akaitoa upesi upesi, kichwa amekigeuzia pembeni kama mtu abebaye kitu kinachonuka. Asubuhi, waliporudi kutoka kunywa chai, ilikuwa imerudi. Katikati. Ina kishimo. Halldis akaweka kiganja pale penye kishimo, akakiondoa haraka. Palikuwa na joto.

Na palikuwa na harufu. Iliki. Harufu tamu ya maandazi yanayotoka jikoni, ile inayomfanya mtu ajisikie yuko nyumbani. Ila chini yake, ukivuta pumzi ya pili, kulikuwa na maji ya bahari yaliyolala siku nyingi ndani ya chombo.

"Unasikia harufu?" akamwuliza mumewe.

"Harufu gani?" Oddvar akajibu haraka mno. "Nimeomba tuhamishwe. Meli imejaa. Tushuke bandari ya mbele, Halldis. Tupande ndege turudi."

"Turudi kwa sababu gani? Sema."

Oddvar akageukia dirisha. Na Halldis akajijibu mwenyewe: hataki mimi nilale alipolala Bergljot.

Ilikuwa kiangazi, na kule juu kiangazi jua halizami. Wengine huogopa giza. Halldis alitamani giza angalau kidogo, apumzike kuona. Mwanga uliingia kupitia dirisha la duara mchana kutwa na usiku kucha, mweupe, bila huruma, ukaanguka juu ya duveti tatu. Eldrid aliitoa tena. Ikarudi tena. Mchana mmoja Halldis alikuwa bafuni anaoga, akasikia mwanamke anacheka chumbani, kicheko cha chini, cha kitandani, na sauti ya Oddvar ikijibu kitu asichokipata. Akafunga maji. Kimya. Akatoka na povu kichwani: chumba kitupu, koti la Oddvar halipo, alikwenda juu kitambo kutazama milima. Kwenye mto wa katikati palikuwa na unga mweupe kidogo, kama uliopukutika kwenye vidole vya mpishi.

Alipochana nywele baada ya hapo, zilitoka na kitana. Siyo mbili tatu, ni fungu. Halldis alikuwa na saluni yake. Nywele alizijua kuliko alivyowajua watu, na alijua hazing'oki hivyo hivyo kwa mwanamke mzima. Akazikusanya azitupe. Alipogeuka kutafuta pipa, zilikuwa hazipo mkononi.

"Umekonda," Oddvar akamwambia mezani, wakila samaki. Jicho lake lilikuwa na hofu. "Tangu juzi tu, tazama, pete inakuzunguka kidoleni."

"Bergljot hakuwa anakonda, siyo?"

"Halldis, tafadhali."

"Alikuwa mnene wa kupendeza. Anacheka mpaka fizi."

Watu wa meza ya jirani wakashusha vijiko. Oddvar akainuka, akaondoka bila kumaliza chakula, na kwao hilo ni kubwa kuliko kutukana. Halldis alibaki akitafuna asichokisikia ladha. Alijua anafanya vibaya, akajichukia, na hata hivyo akaendelea kuwasha.

Alipoona amekaa vya kutosha kumwadhibu, akashuka. Ujia wa sitaha ya nne ulikuwa mtupu, umetandikwa zulia linalomeza vishindo, na tangu kwenye ngazi alianza kusikia iliki, kidogo, kisha nyingi, kisha ikawa kama anaisukuma kwa kifua. Akafika mlango wa 412, akainua mkono, na mkono ukabaki hewani kwa sababu ndani watu walikuwa wanaongea.

"Asante kwa mara ile," sauti ya mwanamke ikasema. Laini, changamfu, ya mtu aliyekaribishwa.

Kila mtu wa kwao huyajua maneno hayo tangu utotoni. Mkikutana tena baada ya kula pamoja, au kulala nyumba moja, au kucheka pamoja popote, la kwanza kabla ya habari na hali ni hilo: asante kwa mara ile. Na jibu lake liko mdomoni tayari, mtu hulitoa bila kufikiri: na wewe pia.

"Na wewe pia," sauti ya Oddvar ikajibu ndani, nzito, kama ya mtu aliye usingizini.

Halldis akausukuma mlango, na mwanga ule mweupe ukampiga usoni, na akamwona mumewe amelala chali kwenye ukingo wa kitanda na midomo ya buluu, anapumua kwa shida, na kando yake, katikati, chini ya ile duveti, kulikuwa na mtu, amelala kiubavu, nyonga yake imeinuka na kushuka, anapumua taratibu kama mwenye nyumba, na mkono wake mmoja ulikuwa umetoka nje, mkono mnene wa kike wenye unga hadi kifundoni, umewekwa juu ya kifua cha Oddvar, na vidole vilikuwa vinampapasa, na Halldis badala ya kuogopa, Mungu amsamehe, badala ya kupiga kelele kama mtu yeyote mwenye akili zake, alihisi wivu, wivu mtupu uliompanda kutoka nyayoni, na kadiri ulivyopanda ndivyo yule aliyelala alivyonenepa, duveti ikaumuka kama unga wa chachu, ikaumuka, mpaka kichwa kikaanza kugeuka pole pole juu ya mto.

"Mume wangu!" akapaza sauti.

Oddvar akafumbua macho. Duveti ikalala bapa. Mkono haukuwapo.

Walikimbilia juu kwenye sitaha ya nje, Oddvar na soksi tu miguuni, wakasimama upepo ukiwapiga. Jua la saa sita za usiku lilikuwa limekaa juu ya maji likiwatazama. Hapo ndipo Oddvar aliposema, na alisema akiwa ameshika chuma cha ukingo kwa mikono yote miwili.

"Ile picha niliipiga kabla hatujaingia. Umenielewa? Bergljot alikuwa bado nje. Ndiyo mara ya mwisho kucheka maisha yake. Ndiyo maana siitoi. Aliingia chumba kile mzima, akatoka mgonjwa wa wivu. Alisema kuna mwanamke mwingine humo ndani, anamnusa. Tukarudi nyumbani, akaendelea kumnusa. Nywele zikamwisha, mwili ukamwisha, kila siku ananiuliza, ni nani? Ni nani huyo, Oddvar? Na mimi sikuwa na mtu, naapa! Nilimzika akiniuliza. Nikadhani ubaya uko chumbani mle tu, tukilala 628 tutasafiri salama."

Aibu ilimjaa Halldis. Kisha akasema kwa unyonge, "Na sasa amerudi yeye. Ananuka iliki."

Oddvar akageuka. "Nani ananuka iliki?"

"Bergljot wako."

"Bergljot?" Akamkazia macho. "Iliki ilikuwa inamvimbisha midomo. Haikuingia nyumbani kwetu hata punje, miaka yote."

"Sasa huyo mwanamke ambaye Bergljot alimnusa humo, alikuwa ananuka nini?" Halldis akauliza.

Oddvar alitazama maji, akatazama viatu asivyokuwa navyo.

"Alisema ananuka dawa ya kupaka nywele rangi," akasema. "Na kwamba alikuwa anaimba kwa pua, wimbo wa kanisani, anapopanga vitu."

Halldis alisikia ubaridi ukimshuka mgongoni, na haukuwa wa upepo. Kwa sababu vidole vyake vilikuwa na harufu hiyo hiyo, ya miaka yote ya saluni, haitoki hata kwa limau. Na alipopanga nguo kabatini siku ya kwanza, alikuwa ameimba kwa pua. Bergljot, miaka kabla Halldis hajalijua hata jina la Oddvar, alikuwa amemnusa yeye.

"Basi siye yeye," akanong'ona. "Huyu wa iliki hajafika bado. Huyu ndiye atakayekuja baada yangu."

"Usiseme hivyo!" Oddvar akamshika mabega. Alikuwa analia waziwazi, mzee mzima. "Nilimzika mmoja. Wewe sikuziki. Sikuziki, unasikia?"

Eldrid aliwakuta hapo. Hakuuliza kitu, aliziona nyuso zao akajua. Akawaingiza katika stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Nani alikupeni chumba kile?" akauliza kwa sauti ya chini. "Binti wa simu hakukukataza?"

"Alinikataza. Nikamdanganya."

"Sisi wa melini tunamwita Abiria. Wapweke hawadhuru, hawana wa kumwonea wivu. Lakini mkiingia wawili, na mmoja wenu ana donge..." Akatikisa kichwa. "Chakula chake ni hicho. Mngekuwa mnakunywa tu na kulala, asingeamka. Wewe dada umemwandalia karamu."

Akaandika namba ya simu nyuma ya mkono wa Halldis kwa kalamu. Ilikuwa ya msomaji. Huko kaskazini kila familia inaye mtu wake wa kumpigia damu isipokoma, au mtoto akilia bila sababu. Humsomea mgonjwa kwa mbali maneno ambayo hamwambii mtu. Huyu aliitwa Ravna, Msami, yaani wa wenyeji wa asili wa kaskazini, aliyekuwa dereva wa basi mpaka magoti yalipomkataza.

"Namenya viazi," Ravna akasema kwenye simu, saa zile za ajabu. "Usingizi hauji na mwanga huu. Sema."

Halldis akasema yote, hata ule uongo wa fungate. Kisu cha Ravna kilisikika kikikwaruza.

"Una chuma cha kazi yako hapo?"

"Nina mkasi wa saluni. Siachani nao."

"Vizuri. Ipasue hiyo duveti yake kwa mkasi huo, uitupe baharini. Mimi nitasoma. Sasa sikilizeni, maana nyinyi watu wa kusini mna adabu nyingi. La kwanza, mimi nisishukuriwe. Ukinishukuru umeifuta kazi. La pili, atakusalimuni. Atasema asante kwa mara ile. Asijibiwe. Kumjibu ni kukubali kwamba mlikuwa pamoja, na ukikubali umemkaribisha, na akikaribishwa hatakaa melini tena. Atakuja nyumbani kwa mlango wa mbele, kama watu."

"Nimekuelewa, mama."

"Hujanielewa. Utanielewa akikusalimu. Na la tatu, huo wivu uteme. Nikisoma nawe unaendelea kumeza, nafanya kazi bure."

Waliingia 412 wote watatu, simu mkononi mwa Eldrid ikinong'ona maneno yasiyo ya lugha waliyoijua. Duveti ilikuwa imejaa. Ilikuwa inapumua. Harufu ya iliki iliwakaba mpaka Eldrid akajiziba pua kwa aproni. Halldis akasogea, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimfikiria Bergljot kama mwanamke tu, mwanamke mwenye koti la manjano aliyesimama kwenye mlango huu anacheka, hajui kinachomngojea ndani. "Nisamehe, mwenzangu," akasema kwa sauti, na donge lililomkaa kifuani miaka yote likalegea, likashuka. Duveti ikanywea kidogo. Akachoma mkasi, akapasua kutoka juu hadi chini.

Hapakuwa na manyoya ya bata. Palikuwa na nywele. Nywele za wanawake, matabaka kwa matabaka, za dhahabu, nyekundu, nyeusi, za mvi, zimefumana zikawa kama godoro, bado zina uvuguvugu wa kichwa cha mtu. Na za juu kabisa, mbichi, zilikuwa na ile rangi ya chestinati, kahawia yenye wekundu, ambayo Halldis huichanganya mwenyewe na kujipaka mwenyewe tu.

Waliibeba hadi juu, wakaipandisha ukingoni.

"Huku kutupa taka baharini ni faini," Eldrid akasema, meno yakimgongana.

"Nitalipa mimi," Oddvar akajibu, wakaiachia. Hawakusikia ikigusa maji.

Nyuma yao, karibu kabisa, mahali ambapo pumzi ya mtu hugusa shingo, sauti changamfu ikasema, "Asante kwa mara ile!"

Oddvar akafungua mdomo. Alikuwa amelelewa vizuri, mzee wa watu. Jibu lilishafika kwenye ulimi. Halldis akamziba kwa kiganja, akabana, na mwenyewe akauma midomo yake mpaka akasikia chumvi ya damu. Wakasimama hivyo. Upepo ukavuma. Harufu ikapungua, ikawa uzi, ikakatika.

"Amekwenda," Ravna akasema kwenye simu. Halldis alivuta pumzi kusema neno ambalo watu wa kwao husema kwa kila kitu, kwa chakula, kwa kuletewa chumvi, kwa kufunguliwa mlango. Lakini Ravna, aliyewajua, alikuwa ameshakata.

Walishuka bandari iliyofuata. Na nikwambie, miezi iliyofuata ndiyo ilikuwa ndoa yao hasa. Nywele za Halldis ziliota. Pete ikamkaa. Kwenye korido aliitundika upya picha ya Bergljot, akaiweka mahali penye mwanga, na alipopita kwenda jikoni alimsalimu. Oddvar alianza kuongea, mambo ya zamani, mambo ya moyoni. Jioni nyingine alikuwa haachi. Gunnvor alikuja akawatazama, akasema, "Nyinyi wawili mnakera sasa. Mnashikana mikono kama wanafunzi." Hapakuwa na wivu ndani ya nyumba ile hata wa kuwashia kiberiti.

Majira ya baridi yakaingia. Asubuhi moja kabla ya Krismasi, theluji ikianguka, Halldis alikuwa jikoni akipanga vikombe na kuimba kwa pua, kengele ya mlango ikalia. Mikono ilikuwa na maji. Akaifuta kwa aproni akiwa anakwenda, akafungua huku akicheka kwa jambo Oddvar alilolisema kutoka sebuleni.

Mlangoni alisimama mwanamke mnene, mzuri, mdogo wao kwa miaka mingi, mashavu mekundu kwa baridi. Mjini walikuwa wamesema kwamba kuna duka jipya la mikate karibu na kanisa. Alishika sinia iliyofunikwa kitambaa cheupe. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na unga.

"Asante kwa mara ile!" akasema kwa uchangamfu.

"Na wewe pia," Halldis akajibu.

Lilitoka kama linavyotoka, kwa maisha yote ya adabu, kabla kichwa hakijajua mdomo umesema nini. Kisha harufu ikamfikia. Akabaki ameshika kitasa, akimtazama mgeni akipangusa viatu kwenye zulia, taratibu, kama mtu anayelijua zulia lenyewe.

"Halldis, nani huyo?" Oddvar akaita. "Mh! Harufu nzuri hiyo. Mkaribishe ndani, asigande nje!"

Mwanamke akatabasamu, akavuka kizingiti.

Usiku Halldis alipokwenda kutandika, duveti zilikuwa tatu kitandani. Ya Oddvar ilikuwa mahali pake. Ya kando yake ilikuwa na kishimo, na joto. Ya Halldis ilikuwa imesogezwa ukingoni, nusu yake iko sakafuni, na alipoiinua, aliona nywele zake zimeshaanza kubaki juu yake.